Mpigaji Yuko Johor

Shamba la michikichi, karibu na Kluang, Johor
Jumapili, 14 Machi 1993
Mwaka mmoja na miezi saba tangu niondoke Watusigar

Mwanangu Winarti,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, isipokuwa mabega na shingo. Mundu wa kukatia mikungu ya chikichi umefungwa kwenye mlingoti mrefu kupita paa la nyumba yetu, na kutwa nzima natazama juu. Jioni nikikaa kula, shingo inakataa kushuka. Tukijo, yule wa Ponorogo anayelala kitanda cha pili, anasema wanaume wa bweni letu tunakula kama bata wanaokunywa maji.

Mnyapara ameuliza nani ataongeza mkataba ukiisha mwezi wa nane. Sijamjibu, lakini nadhani nitaongeza. Huku hanijui mtu, na asiyejulikana hasumbuliwi. Wewe unanifahamu. Wateja wa vikaragosi wakija nyumbani nilikuwa natokea mlango wa jikoni, wewe unabaki kutaja bei na kupokea sifa za rangi ambazo hukuzipaka wewe. Mdomo wangu ni mzito. Kalamu si nzito, kwa sababu karatasi haina macho.

Sasa nikueleze jambo linalonikosesha utulivu. Nyuma ya gereji ya shamba kuna lori lililokufa. Siku moja nilikuwa natafuta waya, nikagonga springi zake kwa spana bila kukusudia. Zile springi bapa, unazijua, zinazopangwa kama majani. Ikatoka sauti. Si kelele, ni sauti. Nikagonga nyingine, ikatoka ya chini zaidi. Nikakaa pale mpaka Tukijo akaja kuniuliza kama nimeumwa na nyoka.

Toka siku hiyo Jumapili zangu zote zimekwenda huko. Nimetengeneza fremu ya gendèr, kama ile ya babu yako yenye vibao vya kugongwa, kwa mbao za makasha, nikachonga vichwa viwili vya joka, nikavipaka nyekundu na rangi ya dhahabu iliyobaki kwenye kibao cha ofisi. Imependeza, sitaki kusema uongo. Wenzangu wanasema ni kitanda kizuri cha paka. Halafu nikaona fremu bila vibao ni upuuzi, nikakata springi vipande kumi na vinne. Halafu nikaona vibao bila mirija ya mianzi chini yake vinakohoa tu, havina pumzi.

Hapo ndipo nimekwama. Sauti za gendèr ya babu yako ninazo kichwani, lakini kichwa si kipimo. Kwa hiyo fanya hivi. Funua kitambaa, chukua uzi, pima urefu wa kila mrija chini ya kila kibao, kata, funga fundo moja kwa mrija wa kwanza, mawili kwa wa pili, uendelee hivyo. Nitumie nyuzi zote. Nikikata mianzi kwa urefu huohuo na kuipuliza mdomoni, itanipa sauti ya kwetu, nami nitakipiga tupa kila kibao mpaka kikubaliane na mrija wake.

Usidhani nataka kupiga. Nataka kujua tu kama chuma cha lori kinaweza kusema kama shaba ya baba.

Msalimie bibi yako.

Baba yako,
Kasiran


Watusigar, Wonogiri
2 Aprili 1993

Kwa Baba,

Waalaikum salaam. Nyuzi ziko ndani ya bahasha. Nimepima kila mrija kama ulivyosema, kuanzia mdomo mpaka chini. Baba, nyuzi zote ni sawa. Nilirudia nikidhani nimekosea. Mbah, bibi yangu huyo uliyemsalimia, alinitazama akasema, "Unapimia gendèr suruali?"

Kuna habari nyingine, na Mbah amesema nikuandikie bila kuipaka sukari. Pak Mangun, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha kitongoji, alikuja kuzungumza juu ya gendèr. Kikundi hakina gendèr tangu ile yao ipasuke. Alikunywa chai akasema, "Mbah, chombo kisichopigwa kinasahau sauti yake. Tupeni. Giyanto atakipiga." Mbah akamwuliza, "Giyanto yupi? Yule anayepiga kama anafukuza kuku kwenye mpunga?" Pak Mangun akacheka mpaka chai ikamwagika, lakini hakukanusha.

Wamekubaliana hivi. Sherehe ya kusafisha kijiji mwaka huu ni Ijumaa Legi kwa kalenda ya Kijawa, tarehe 24 Septemba. Atakayekaa mbele ya gendèr siku hiyo, mbele ya kijiji chote na makaburi ya wazee, ndiye mpigaji wake, na chombo kitamfuata. Unajua desturi. Pak Mangun amesema kama mtu wa nyumba hii atakaa, yeye hana neno. Kama hakuna, ni Giyanto, na baada ya Giyanto ni watoto wa Giyanto.

Mimi siwezi kupiga, Mbah hawezi. Umebaki wewe, Baba. Najua utakachosema. Lakini nimeandika.

Mwanao,
Winarti


Kluang
Jumapili, 25 Aprili 1993

Mwanangu,

Nilipozimwaga nyuzi zako kitandani Tukijo alidhani nimeletewa tambi. Nimecheka peke yangu mpaka nikatoka nje. Kosa ni langu. Nilisahau kwamba mirija ya gendèr kwa nje hukatwa sawa ili ipendeze, kama meno ya bandia. Siri iko ndani. Kila mwanzi una fundo lake linaloziba, mwingine fundo liko juu, mwingine liko chini, na pumzi ya sauti inaishia hapo. Toa vijiti kwenye ufagio wa chelewa, kimoja kimoja, kishushe ndani ya mrija mpaka kigote, kata usawa wa mdomo. Hicho ndicho kipimo. Andika namba kwa kalamu.

Sasa la Giyanto.

Usiku barua yako ilipofika sikulala vizuri. Sitaki Giyanto aguse ile gendèr. Baba aliinunua kwa nyati wawili, na mimi nimekua nikiisikia kupitia ukuta, nikipaka rangi vikaragosi vya mchezeshaji mmoja baada ya mwingine. Nyimbo zote ziko mikononi mwangu, nadhani, kwa sababu nilipokuwa napaka mistari ya nywele za mashujaa wa ngozi mkono wangu ulikuwa unakwenda na mkono wake kule upande wa pili. Sitaki itoke.

Wala sitaki kukaa mbele ya watu. Yote mawili ni kweli na hayasikilizani. Mtu akinitazama wakati nafanya kitu, kile kitu kinanitoka vidoleni. Nakumbuka Pak Lurah, mkuu wa kijiji, alikuja siku moja kuniangalia nikipaka jicho la kikaragosi cha Arjuna. Aliondoka, na Arjuna akabaki kengeza mpaka nikamfuta uso mzima. Jicho tu hilo, na mtu mmoja. Wewe unaniambia kijiji.

Usinisukume. Nitumie vijiti.

Kasiran


Watusigar
16 Mei 1993

Kwa Baba,

Vijiti kumi na vinne, vimefungwa kwa uzi mwekundu. Safari hii havilingani hata viwili, kwa hiyo nadhani ni sahihi. Kile cha saba nilikirudia kwa sababu taa iko juu mno na mkono wangu ulikuwa unatia kivuli. Na watu walicheka sana nilipoanza kuchomeka vijiti vya ufagio kwenye mirija. Mmoja akaniuliza kama natafuta panya.

Baba, kuna kitu nimekigundua, sijui kama unakijua. Nilipokuwa nimeinamisha sikio juu ya mrija wa nne, kibao kikiwa hakijaguswa, mtu alipiga gongo kubwa, ile sahani ya shaba inayotundikwa, upande wa pili, na ule mrija ukaimba wenyewe. Kidogo tu, kama mtu anayeitikia akiwa usingizini. Inakuwaje? Nimewaza wiki nzima. Mbah anasema ni roho ya babu. Mimi naona ni kitu kingine lakini sijui jina lake.

Mpunga umevunwa, si mbaya. Kuku wa madoa ameanza kutaga kwenye sanduku lako la brashi. Nimemwacha.

Niambie kama umeongeza mkataba. Hujasema.

Winarti


Kluang
Jumapili, 20 Juni 1993

Mwanangu Winarti,

Vijiti vimefika vizima. Mianzi nimeikata kando ya mto, nikaikausha juu ya jiko la bweni. Nilipoupuliza mrija wa kwanza, nywele za mikono zilisimama. Ilikuwa nyumbani kabisa. Siku zilizofuata zote zimekwenda kwa tupa. Ukipiga tupa kwenye ncha za kibao sauti inapanda, ukipiga chini ya tumbo inashuka. Unakwenda kidogo kidogo, maana chuma kilichoondoka hakirudi. Kibao kikifika mahali pake, mwanzi unakipokea na sauti inasimama hewani, hata ukinywa chai bado ipo. Kikikosea kwa unywele, hakuna, kinakohoa. Lile swali lako la mrija uliojibu gongo nadhani ni jambo hilohilo. Mwanzi unajua sauti moja tu, na ukiisikia popote unaitika. Roho sijui.

Kwa hiyo chuma cha lori kimesema. Nimepiga jioni kadhaa nikiwa nimewapa wenzangu mgongo. Mwanzo walipiga kelele, sasa wanacheza karata kimya. Tukijo aliniambia, "Kang, ukiacha kupiga napoteza. Endelea mpaka nishinde."

Hapo ningeishia, ila nimeingia kwenye shimo na nataka ujue.

Ng'ambo ya shamba kuna kijiji cha Wajawa wa zamani, babu zao waliletwa huku kulima mpira. Wanasema Kimalei dukani na Kijawa jikoni. Wiki iliyopita kuna mzee wa huko, Pak Sadiran, anamwoza mwanawe, akaleta chakula cha mwaliko kwenye kikapu cha mianzi. Nilikuwa naoga. Kilipokelewa, kikawekwa kitandani kwangu. Ndani kulikuwa na wali, mayai, nazi ya kukaanga, na kuku mzima. Mzima, na kichwa chake.

Sisi bwenini tuko wanane. Nikasema, watu wema hawa, wamewakumbuka wafanyakazi, kuku mmoja kwa wanane. Nikamgawa. Tukijo alichukua paja. Mimi nilikula mgongo.

Kesho yake Pak Sadiran akaja na mkokoteni.

"Pakde Kasiran ni nani?"

Wenzangu wote wakanionyesha kwa vidole, wasaliti wale.

"Kikapu kilifika?"

"Kilifika, Pak. Ahsante sana."

"Kililiwa?"

"Kililiwa."

"Chote?"

Tukijo akadakia, "Mzee, hata mifupa imefanywa supu."

"Alhamdulillahi," akasema Pak Sadiran, "basi Jumapili ya tarehe 27 tutakuja kuchukua chombo asubuhi."

Winarti, mimi mtu mzima nilisahau. Mgeni hupelekewa kipande. Kuku mzima na kichwa chake hupelekewa mtu anayeombwa kazi, na akimla, ameitika. Walikuwa wameisikia gendèr jioni wakipita kuchunga. Nikajaribu kusema sijui kupiga mbele za watu. Mzee akanitazama kwa huruma kabisa akasema, "Pakde, kama ulikuwa hutaki, ungerudisha kuku."

Utamrudishaje kuku uliyemnywa supu?

Arusi ni Jumapili hii inayokuja. Nimewaza kuomba kuhamishiwa shamba la Segamat. Nimewaza kuugua. Tukijo anasema nikikimbia, aliyekula paja ndiye atakayeulizwa, na yeye anajua kupiga karata tu.

Swali la mwisho. Kile chumba chetu cha nyuma hakina taa ya juu, kina kibatari. Na gongo kubwa limetoka wapi? Na watu gani walicheka?

Kasiran


Watusigar
11 Julai 1993

Kasiran,

Huyu ni mimi, mama yako. Mkono ni wa Winarti, mdomo ni wangu. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyotoka, asipunguze. Anasema, "Mbah, usiseme haraka." Hilo nalo ameliandika, vizuri.

Gendèr haipo nyumbani. Iko kwenye ukumbi wa kitongoji tangu wiki ya pili ya Aprili. Mimi ndiye niliyeitoa. Watu wanne waliibeba, na nilitembea nyuma yao mpaka ilipowekwa. Winarti analia sasa, machozi yameangukia hapo kwenye neno "wanne," usidhani ni mvua. Alinikataza kukuambia. Anasema ukijua imetoka utasema hakuna cha kurudia, utaongeza mkataba, na utaongeza tena, mpaka siku moja atuletee mtu sanduku lako. Ndiyo maana alikwenda kupima kule ukumbini akakuandikia kana kwamba yuko chumbani kwako. Hajui kudanganya, ametaja taa.

Usimkasirikie. Nikasirikie mimi, nimezoea.

Kwa nini niliitoa? Kwa sababu mume wangu hakununua kabati. Miaka kumi na moja ilikaa chini ya kitambaa, na wewe unapita kando yake kwa vidole vya miguu kama mwizi. Nilichoka kufuta vumbi.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Siku ile Winarti alipoingiza vijiti, Giyanto alimwuliza kama anatafuta panya. Akamjibu, "Nampimia baba yangu, anatengeneza nyingine Johor." Wote wakaweka nyundo chini. Kasiran? Yule anayetokea mlango wa jikoni? Wakamzunguka, huyu anashika taa, huyu anakata kijiti, Giyanto mwenyewe akashikilia fremu isitikisike. Tangu siku hiyo wakikaa kufanya mazoezi, Pak Mangun husema kabla hawajaanza, "Mpigaji yuko Johor, huyu ni wa akiba." Giyanto haoni vibaya. Alikuja hapa na ndizi akaniambia, "Mbah, mwambie Kang Kasiran afanye haraka. Mikono yangu ni ya jembe. Nikiona tarehe ishirini na nne inakaribia natamani nivunjike kidole."

Kwa hiyo usiniambie kuna mtu anataka kukunyang'anya. Hakuna. Kuna kiti tu.

Na nikuambie la baba yako, ambalo hukuambiwa kwa sababu yeye alitaka lisisemwe. Unakumbuka kila alipoitwa kupiga alikuwa anapitia nyuma ya zizi kwanza? Ulikuwa unaniuliza, nikasema anawanywesha nyati maji. Alikuwa anatapika. Kila mara, tangu nilipoolewa mpaka mwaka aliokufa. Akimaliza anasukutua, anafunga kilemba, anakwenda, anapiga mpaka watu wanasahau kula. Nikamwuliza mara moja, "Kang, kama inakuumiza hivi si uache?" Akasema, "Nikianza inaisha. Tabu ni kuanza."

Wewe ulidhani umeota haya yako mwenyewe kama uyoga. Umerithi.

Ile arusi ya huko itakuwa imekwisha barua hii ikifika. Kama ulikimbilia huko Segamat, sawa, wewe ni mwanangu. Lakini nataka kujua. Nimekaa hapa nataka kujua kuliko ninavyotaka kula.

Winarti anauliza aweke jina gani mwisho. Weka langu.

Mbah Karso

Baba, nisamehe. W.


Kluang
Jumapili, 8 Agosti 1993
Karibu miaka miwili tangu niondoke

Kwa Mama na kwa Winarti, someni pamoja,

Nianze na hasira ili iishe. Niliposoma kwamba gendèr imetoka niliikunja barua nikaenda kukata chikichi kama nakata shingo za watu. Mnyapara alinisifu. Jioni niliifungua tena nikafika pale kwa baba na zizi, nikasoma mara nyingi mpaka Tukijo akaniuliza, "Kang, amekufa nani?" Nikamwambia hapana, kuna mtu amefufuka.

Mama, mimi sitapiki. Yangu inatoka kwa chini. Sitaeleza zaidi, ila asubuhi ya arusi wenzangu walikosa choo.

Sikukimbia. Pak Sadiran alikuja na mkokoteni, tukaipandisha gendèr ya chuma. Njiani nikamwomba jambo moja, aniweke mahali ambapo watu hawanioni. Akafikiri sana, mzee yule, kwa sababu ukumbi wao uko wazi pande zote. Akasema, "Nyuma kuna jiko." Nikasema jikoni ndipo. Nikaona nimeokoka. Jikoni nani atakaa?

Mama umeshaanza kucheka. Mimi nilikuwa nimesahau arusi ni nini. Nilikimbia macho ya wanaume waliokaa kwenye viti wanavuta sigara, nikaangukia katikati ya wanawake wa kijiji kizima, wanakuna nazi, wanamenya vitunguu, na hakuna mwanamke anayekuna nazi akiwa amefumba mdomo.

"Nani kaleta kitanda cha mtoto?"

"Si kitanda, ni muziki. Tazama joka lilivyo na macho mazuri."

"Na mwenyewe? Mbona anatazama sakafu? Pakde, umedondosha nini?"

"Mwacheni, anahesabu chungu."

"Pakde, huo muziki unapigwa au unatazamwa? Mimi nazi yangu inataka mwendo."

Nikakaa. Mikono ilikuwa maji. Nikapiga kibao cha kwanza, si kwa ushujaa, ni kwa sababu kukaa bila kupiga kulikuwa kubaya zaidi. Nikakosea. Nikaendelea. Mkono wa kulia unapiga, ubavu wa kiganja unazima kilichotangulia, wa kushoto unatembea chini. Ghafla nikasikia mbuzi za kukunia nazi zimeingia kwenye mwendo wangu, moja, halafu nyingine, halafu zote, kwaru, kwaru. Hawakuwa wananitazama tena. Walikuwa wanafanya kazi juu ya mikono yangu. Nikipunguza wanapunguza. Nilishtuka, nikajaribu kuongeza kidogo kwa udadisi tu. Wakaongeza! Nikarudisha. Wakarudi. Nilikuwa sijui kwamba inawezekana.

Palikuwa na bibi mmoja karibu na moto, Mbah Painem, anakoroga mchuzi. Alikuwa mwimbaji ujanani, kabla mumewe hajamkataza. Akaanza kuimba akiwa amenipa mgongo, anauimbia mchuzi. Sauti imechakaa kama ufagio, na maneno nusu amesahau, mahali pa maneno anaweka majina ya viungo. Bizari, tangawizi, ndimu. Lakini anajua wapi pa kupumua. Nikajikuta namngojea. Mimi, nisiyeweza kumngoja mtu amalize kununua kikaragosi, nilikuwa namngojea bibi yule avute pumzi ili nimpe kibao cha kurudia.

Mchuzi uliungua chini kidogo. Hakuna aliyelalamika, walisema una harufu ya moshi kama wa zamani.

Nilidhani nimelipa deni la kuku, yamekwisha. Wiki tano baadaye, Jumapili iliyopita, Pak Sadiran akaja tena bila kikapu. Mjukuu wa jirani yake anatahiriwa. Nikasema nitakuja, jikoni. Mbah Painem alikuwa amekuja naye, amekaa juu ya mkokoteni kama gunia, akasema:

"Mimi jikoni siendi."

"Mbah, pale ndipo tulipopatana."

"Nimekaa jikoni toka nilipoolewa. Mume amekufa mwaka wa tisa huu. Nataka kukaa mbele, nivae kebaya, blauzi yangu ya bluu ya sherehe. Ukibaki jikoni, Pakde, nitaimba mbele peke yangu, na watu watasema bibi kachanganyikiwa. Chagua."

Nikakaa mbele. Sikuwa na la kuchagua, na mtu ambaye hana la kuchagua miguu yake inatembea. Nilipitia kwanza nyuma ya nyumba. Mama, nilimkumbuka baba. Barua yako ilikuwa imenifikia siku mbili nyuma, mfukoni nilikuwa nayo.

Na sasa Winarti, wewe unayependa kujua mambo, nikuambie nilichokikuta huko mbele, kwa sababu miaka yote hii nilikiogopa bila kukiona. Sikukuta kitu. Niliinua macho wimbo wa pili, nikiwa tayari kwa macho mia mbili. Walikuwa wanamtazama mtoto anayetahiriwa. Walikuwa wanatazama sahani zinazopita. Mmoja alikuwa amelala. Aliyenitazama kweli alikuwa kuku, na yeye alitaka mchele uliokuwa karibu na goti langu. Nilikosea mara mbili waziwazi na hakuna aliyegeuka isipokuwa Mbah Painem, naye aligeuka kwa sababu kosa langu lilimpa mlango wa kuingilia, akaingia hapo kana kwamba tulipanga.

Haya haijaisha. Msidanganyike. Jumapili nikiitwa tena itakuwa hivihivi, choo na mikono maji. Ila nimejua inakaa wapi. Inakaa kabla. Ndani ya wimbo haimo. Kwa hiyo Winarti sikukasirikii wewe. Ungeniambia Aprili kwamba gendèr imetoka, ningesaini mkataba siku hiyohiyo, umenijua vizuri.

Jumatatu nilikwenda kwa mnyapara nikamwambia siongezi. Akaniuliza kwa nini, nina mkono mzuri. Nikamwambia kuna kazi nyumbani. Akauliza kazi gani, nikamjibu, mbele ya makarani wake wote, kwa sauti waliyoisikia: "Mimi ni mpiga gendèr." Makarani waliendelea kuandika.

Gendèr ya chuma naiacha kwa Mbah Painem. Kuna mwanamke mmoja wa kukuna nazi ambaye amekuwa akija jioni kuuliza mkono wa kushoto unakwendaje. Tukijo analalamika kwamba sasa atapoteza kila mchezo.

Msiirudishe gendèr ya baba nyumbani. Ibaki ukumbini, pana taa nzuri. Nitaifuata hukohuko. Mwambieni Pak Mangun aniwekee jioni za mazoezi wiki nzima kabla ya sherehe, maana nyimbo nazijua kupitia ukuta, na ukuta ulikuwa unameza mwanzo wa kila wimbo. Giyanto akae karibu yangu asiondoke. Ana masikio, si kweli kwamba ana jembe tu, mtu asiyesikia hawezi kuona aibu ya kupiga vibaya.

Meli ya kwenda Tanjung Pinang inaondoka tarehe 9 Septemba. Kwa meli nyingine mpaka Jakarta, halafu basi. Jumatano tarehe 15, panapo uhai, nitashuka stendi ya Wonogiri kabla ya adhuhuri. Mje kunipokea, wote wanaotaka kuja.

Kasiran